Dawa za Maumivu Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Matiti: Namna ya Kupata Nafuu Bila Kuchochea Damu Kuvuja

Mwanamke anapozinduka baada ya kupunguzwa matiti, jambo analolitaka kwanza ni maumivu yatulie. Ana haki ya kupata nafuu hiyo, na hakuna sifa yoyote katika kuvumilia. Hata hivyo, ndani ya kila titi limebaki jeraha kubwa kuliko linavyoonekana kwa nje, lenye mishipa midogo mingi ya damu ambayo saa chache zilizopita ilifungwa kwa uzi au kuzibwa kwa kuchomwa kwa umeme. Mishipa hiyo inahitaji muda ili izibe sawasawa, na baadhi ya vidonge ambavyo watu humeza kila siku kwa ajili ya kichwa, mgongo au hedhi huingilia kazi hiyo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua, kupanga na kufuatilia dawa za maumivu katika siku hizo, na dalili zinazoonyesha kwamba tatizo si maumivu tena bali ni damu. Pale maelezo haya yanapotofautiana na karatasi uliyopewa na daktari wako wa upasuaji, fuata karatasi hiyo, kwa kuwa aliyeiandika ndiye aliyeiona mishipa yako kwa macho.

Kwa nini dawa hazilingani

Mshipa ukikatwa, chembe sahani zilizomo katika damu hukimbilia pale penye tundu, zikashikamana na kufanya kizibo cha kwanza. Ili ziitane, hutengeneza kemikali iitwayo thromboksani. Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali za jamii ya prostaglandini, ambazo huleta uvimbe na kuzidisha maumivu. Ugunduzi huo ulimfanya awe mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982. Thromboksani hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo, na ndiyo sababu kidonge kimoja kinaweza kutuliza maumivu na wakati huohuo kudhoofisha kizibo cha damu.

Aspirini ndiyo yenye athari ya kudumu zaidi. Chembe sahani iliyoguswa na aspirini haiponi, kwa kuwa haina kiini cha kuiwezesha kujitengenezea upya kilichoharibiwa. Huendelea hivyo mpaka ife, na uhai wake ni siku 7 hadi 10. Kwa hiyo kidonge cha aspirini kilichomezwa leo, hata kama maumivu ya kichwa yalikwisha baada ya saa moja, huacha athari katika damu kwa muda wa wiki moja au zaidi. Ibuprofeni, naprokseni, diklofenaki na ketorolaki huzuia kazi hiyo hiyo, lakini kwa muda tu: kwa mtu mwenye afya, athari ya ibuprofeni kwenye chembe sahani huisha takriban siku moja baada ya dozi ya mwisho, ilhali ya naprokseni hukaa siku kadhaa. Seleksoksibu ni ya ukoo huohuo, ila imechaguliwa ili isiguse chembe sahani, na ndiyo maana baadhi ya madaktari huipendelea baada ya upasuaji. Hata hivyo haiwafai watu wengi wenye maradhi ya moyo au figo, na haipaswi kuanzwa bila kuandikiwa.

Parasetamoli iko upande mwingine kabisa. Katika dozi ya kawaida haidhoofishi chembe sahani, haichubui tumbo, na ikichukuliwa kwa ratiba huondoa sehemu kubwa ya maumivu ya upasuaji huu. Wengi huidharau kwa sababu wameizoea, wakidhani kwamba dawa ya homa haiwezi kulitosha jeraha la kisu. Nawaomba wasomaji waache dharau hiyo, maana ndiyo inayomsukuma mtu kufungua droo na kutafuta kile kidonge kingine.

Dawa za jamii ya afyuni, kama vile kodeini, tramadoli na mofini, nazo hazizuii damu kuganda. Hatari yake huja kwa mlango wa nyuma: husababisha kichefuchefu na kufunga choo, na mtu anayetapika kwa nguvu au anayejikamua chooni hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla, wakati ambapo vizibo bado ni vichanga.

Maandalizi yaanze kabla ya siku ya upasuaji

Makosa mengi ya dawa baada ya upasuaji huzaliwa wiki mbili kabla yake. Kusanya kila kitu unachokimeza, kiwe kimeandikwa na daktari, kimenunuliwa dukani au kimetoka kwa mtaalamu wa mitishamba, na uvipeleke vyote vikiwa katika paketi zake kwa daktari wa upasuaji na kwa mtaalamu wa usingizi. Usitegemee kumbukumbu. Dawa nyingi za mafua na za maumivu ya kichwa ni mchanganyiko, na ndani yake mna aspirini au ibuprofeni ingawa jina la mbele halisemi hivyo. Soma maandishi madogo ya nyuma, ambako viambato huandikwa kwa tahajia ya kimataifa: tafuta maneno ibuprofen, diclofenac, naproxen, ketorolac, aspirin au acetylsalicylic acid. Ukiliona mojawapo, liweke katika orodha.

Vidonge vya kitunguu saumu, ginkgo, jinsengi, mafuta ya samaki na vitamini E ya dozi kubwa navyo huhesabiwa, na madaktari wengi hutaka viachwe takriban wiki mbili kabla ya upasuaji. Kitunguu saumu kinachotiwa kwenye chakula si tatizo. Kinachozungumziwa hapa ni kile kilichokolezwa ndani ya kidonge.

Kuna kundi moja ambalo linapaswa kuitika onyo tofauti. Kama unatumia aspirini ya dozi ndogo kwa ajili ya moyo, au klopidogreli, wafarini, rivaroksabani, apiksabani au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, usiiache kwa uamuzi wako. Dawa hizo zimewekwa ili zikukinge na kiharusi, na mshtuko wa moyo, na damu kuganda ndani ya mishipa, na kuiacha ghafla kunaweza kukuua kwa njia nyingine. Daktari aliyekuandikia na daktari wa upasuaji wanapaswa kuzungumza, wakubaliane siku ya kusimamisha na siku ya kuanza tena, nawe upewe tarehe hizo kwa maandishi. Vivyo hivyo kwa dawa za sonona za jamii ya fluoksetini na sertralini: nyingi hupunguza kidogo nguvu ya chembe sahani, lakini mara nyingi huendelea kutumiwa, na kinachotakiwa ni daktari ajue. Atakapojua, hatakuandikia tramadoli kwa pupa, kwa sababu tramadoli ikichanganywa na dawa hizo inaweza kuleta degedege na msukosuko mkubwa wa neva.

Kabla ya kuondoka katika miadi ya mwisho, uliza maswali yafuatayo na uandike majibu: Ni dawa gani nitameza nikifika nyumbani, kwa dozi gani na kila baada ya saa ngapi? Je, naruhusiwa ibuprofeni au dawa za jamii yake, na kama naruhusiwa, kuanzia siku ya ngapi? Nipige namba gani usiku wa manane? Jibu la swali la pili litatofautiana kutoka kwa daktari mmoja hadi mwingine, na hilo lisikutie wasiwasi. Wapo wanaozikataza kabisa kwa wiki moja au mbili, na wapo wanaoziruhusu mapema kwa sababu tafiti zilizofanywa juu ya ibuprofeni baada ya upasuaji wa matiti kwa jumla hazikuonyesha ongezeko la wazi la damu kuvuja, ilhali kwa ketorolaki matokeo yamekuwa ya kuchanganya. Maoni yangu ni kwamba mgonjwa hana haja ya kuamua mjadala huo. Ana haja ya kujua msimamo wa daktari aliyemfanyia upasuaji, na kuushika.

Ratiba ya siku za mwanzo

Madaktari wengi humwagia ganzi ndani ya jeraha kabla ya kulishona, na ganzi ya kawaida, kama bupivakaini, hudumu saa kadhaa tu. Hii ndiyo sababu mgonjwa anaweza kurudi nyumbani akijisikia vizuri mno, akalala bila kumeza chochote, kisha akaamka usiku akiwa na maumivu makali ambayo kidonge kitachukua karibu saa nzima kuyafikia. Mtu aliye katika hali hiyo humeza chochote kilicho karibu. Dawa ya kuzuia hilo ni kuanza parasetamoli kabla ganzi haijaisha na kuendelea nayo kwa saa maalumu, uumie usiumie, kwa siku mbili au tatu za mwanzo.

Kwa mtu mzima mwenye afya, dozi ya kawaida ni gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, na jumla isizidi gramu 4 katika saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye maradhi ya ini, anayekunywa pombe mara kwa mara au aliyedhoofika kwa kutokula anapaswa kupewa kiwango cha chini zaidi na daktari. Zingatia sana kwamba vidonge vingi vya kodeini au tramadoli vimechanganywa tayari na parasetamoli. Ukivimeza juu ya parasetamoli yako ya kawaida unaweza kupita kikomo bila kujua, na ini huharibika kimyakimya, maumivu yakiwa yametulia. Vidonge vinavyochemka katika maji vina chumvi nyingi ya sodiamu, hivyo mwenye presha ni bora atumie vya kumeza. Na anayetumia wafarini aelewe kwamba parasetamoli ya kila siku kwa siku nyingi huongeza nguvu ya wafarini, na atahitaji kipimo cha damu.

Chukua daftari. Andika saa, dawa na dozi kila unapomeza, kisha pembeni andika namba ya maumivu kuanzia 0 hadi 10, kwa titi la kulia na la kushoto mbalimbali. Kazi hii huonekana ya kitoto mpaka usiku wa pili, ambapo mgonjwa amechoka, msaidizi wake naye amechoka, na hakuna anayekumbuka kama kidonge cha saa nne kilimezwa. Kutenganisha namba za matiti mawili kuna faida kubwa zaidi, nayo nitaieleza baadaye kidogo.

Kama umepewa dawa ya jamii ya afyuni, itumie juu ya parasetamoli pale tu maumivu yanapokuzuia kulala, kupumua kwa kina au kuinuka kitandani, na uanze kuipunguza mapema. Wengi hawaihitaji baada ya siku chache. Anza dawa ya kulainisha choo siku ileile unapoanza kidonge hicho badala ya kungoja choo kifunge, na kunywa maji ya kutosha. Ukisikia kichefuchefu, omba dawa ya kukizuia mapema. Usichanganye dawa hizi na pombe wala na vidonge vya usingizi, kwa sababu pamoja huweza kusimamisha pumzi.

Kama daktari ameruhusu ibuprofeni, imeze pamoja na chakula, katika dozi na siku alizotaja tu. Asiipokee mtu mwenye historia ya vidonda vya tumbo, figo dhaifu, au pumu inayoamshwa na aspirini, mpaka jambo hilo lijadiliwe upya. Choo cheusi kama lami ni dalili ya damu tumboni na hakisubiri kesho. Tena usijumlishe dawa mbili za jamii hii, kwa mfano ibuprofeni ya kumeza na sindano ya diklofenaki kutoka zahanati nyingine ambako hawajui kwamba umetoka katika upasuaji.

Nafuu isiyotoka kwenye kidonge

Sidiria ya upasuaji inayobana kwa kiasi hupunguza mtikisiko, na mtikisiko ni sehemu kubwa ya maumivu. Lala chali, kichwa na mabega yakiwa yameinuliwa kwa mito. Usiinue mikono juu ya mabega, usibebe mtoto wala ndoo, na ukikohoa kumbatia mto kifuani. Dawa za presha ziendelee kama ulivyoagizwa, kwa maana presha iliyopanda husukuma damu dhidi ya vizibo vichanga. Na kumbuka kwamba maumivu yasiyotulizwa nayo huipandisha, kwa hiyo anayejinyima dawa kwa hofu ya damu kuvuja anaweza kuikaribisha. Kuhusu barafu, uliza kwanza. Ngozi ya titi baada ya upasuaji huu mara nyingi imekufa ganzi, na chuchu inaishi kwa mtiririko mdogo wa damu. Barafu iliyowekwa moja kwa moja inaweza kuijeruhi bila wewe kusikia. Maji ya moto juu ya titi hayaruhusiwi katika siku hizo.

Maumivu yanapokuwa ujumbe

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie zaidi. Tatizo kubwa la damu baada ya upasuaji huu ni mvilio, yaani damu inayovuja na kukusanyika ndani ya titi bila kupata njia ya kutoka. Huwapata wanawake wachache katika kila mia moja, na mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 hadi 48 za kwanza. Bandeji inaweza kubaki safi kabisa. Kinachobadilika ni titi lenyewe, na kwa kawaida ni moja tu kati ya mawili: huvimba kwa haraka kuliko mwenzake, hukaza na kuwa gumu, ngozi hung'aa, rangi ya zambarau huenea kuelekea kwapani au mbavuni, na maumivu hupanda ingawa dawa ileile iliyafaa saa chache zilizopita.

Maumivu ya kawaida ya upasuaji huyagusa matiti yote mawili na hupungua siku hadi siku. Ukitazama daftari ukaona titi la kushoto limetoka 4 likafika 8 wakati la kulia limebaki 3, usiongeze kidonge. Kidonge hakiondoi damu iliyokusanyika. Kinakuzuia tu kuisikia, na kwa muda huo shinikizo ndani ya titi linaweza kubana mishipa inayoilisha chuchu na ngozi. Vua sidiria mbele ya kioo au mbele ya mtu unayemwamini, linganisha pande mbili, kisha piga simu palepale.

Piga simu pia kama mrija wa kutoa majimaji, ikiwa umewekewa, unajaa ghafla damu nyekundu nzito baada ya kuwa umeanza kutoa majimaji mepesi ya rangi ya waridi. Kama chuchu imegeuka kuwa nyeusi, ya buluu au imepauka. Au kama damu inaloanisha bandeji moja baada ya nyingine. Kwa damu inayotoka kwenye mshono, kaa ukiwa umeinuka, kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 hadi 15 bila kufunua kuchungulia. Kizunguzungu, moyo kwenda mbio, jasho la baridi au kuzimia ni dharura: nenda hospitali iliyo karibu bila kungoja simu ipokewe, na usiendeshe gari mwenyewe. Usile wala usinywe kitu njiani, kwa sababu huenda ukarudishwa katika chumba cha upasuaji ili damu itolewe na mshipa unaovuja ufungwe. Beba daftari lako. Daktari wa zamu asiyekujua atauliza kwanza umemeza nini na saa ngapi.

Wapo waliopewa sindano za enoksaparini au heparini za kuzuia damu kuganda miguuni. Wasiziache kwa sababu wamesoma kuhusu mvilio. Damu iliyoganda mguuni ikisafiri hadi kwenye mapafu ni hatari kuliko mvilio wa titi, na dalili zake ni maumivu na uvimbe wa mguu mmoja, kifua kuuma wakati wa kuvuta pumzi, au pumzi kukatika ghafla. Kutembea taratibu ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza ni sehemu ya kinga hiyo.

Wiki zinazofuata

Hedhi inaweza kuja ndani ya siku hizi, na mwanamke aliyezoea ibuprofeni kwa maumivu ya tumbo la chini huimeza bila kuwaza. Kama hujaruhusiwa, tumia parasetamoli iliyomo tayari katika ratiba, na chupa ya maji ya vuguvugu iwekwe tumboni, mbali na matiti. Maumivu ya kuchoma au ya kushtua kama umeme yanayokuja kwa sekunde chache katika wiki za baadaye mara nyingi ni neva zinazoamka. Hayahitaji dawa nzito, na yakikusumbua daktari anaweza kuandika gabapentini, ambayo isichanganywe na dawa za jamii ya afyuni bila yeye kujua. Uvimbe mpya wenye wekundu, joto na homa ya nyuzi 38 au zaidi huelekeza kwenye maambukizi, na huo nao upelekwe kwa daktari badala ya kufunikwa kwa parasetamoli.

Aspirini na vidonge vya mitishamba ulivyosimamisha virudishwe kwa tarehe uliyopewa. Kama hukupewa, uliza katika miadi ya kukagua mshono. Vidonge vya kodeini, tramadoli au mofini vilivyobaki vifungiwe mahali ambapo watoto hawafiki, kisha virudishwe kwenye duka la dawa linalopokea masalio. Asipewe ndugu anayeumwa mgongo, hata akiomba kwa upole.